Tarehe ya Kufunguliwa

Chumbani kwangu, 4 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Kwa kuwa marahaba yako itachukua wiki mbili kufika, najiitikia mwenyewe ili tuendelee na mazungumzo.

Huku sijambo. Mafua yaliyonishika mwezi wa kumi na mbili yameniachia, kimebaki kikohozi cha asubuhi tu. Mkazamjomba hali yake? Mwambie sweta aliyonifumia ndiyo niliyovaa sasa hivi, na kiwiko changu cha kushoto kimeanza kuchungulia nje. Na masikio yako je? Uliniandikia kwamba siku hizi hata mlango ukigongwa husikii, watu wanaingia mpaka sebuleni wanakukuta umekaa. Siku moja ataingia mwizi, akusalimie kwa adabu, aondoke na redio ambayo nayo huisikii.

Umeuliza kazi yangu mpya ni kazi gani hasa, maana umesema kompyuta si kazi, ni samani. Haya, nisikilize.

Siku hizi kuna programu za akili bandia zinazotumwa kazi kama tarishi. Unaiambia, "Nitafutie mkataba wa mwaka juzi," nayo inakwenda kutafuta. Inaitwa wakala. Faili zenyewe haziko kabatini tena. Zimewekwa kwenye kompyuta kubwa za watu wengine, huko mbali, na mahali hapo wanapaita wingu. Wakala hana macho wala mikono, ana zana. Zana moja kazi yake ni kumsomea yaliyoandikwa juu ya faili bila kuifungua: jina lake, nani aliiweka, lini, ina ukubwa gani, nani anaruhusiwa kuiona. Kwa lugha yako, ni kusoma jalada bila kufungua kamba.

Kila zana ina maelezo yake, ukurasa mmoja au miwili, ambayo wakala huyasoma kabla ya kuitumia. Mimi nayapima hayo maelezo. Yanaeleweka? Yanasema zana inafanya nini na haifanyi nini? Asiyejua lolote ila ukurasa huu, atakosea wapi? Natoa alama, sifuri mpaka tano, na kuandika sababu.

Jana nimekutana na kioja. Maelezo yalisema "taja faili". Hayakusema utaje jina lake au namba yake. Nikamtuma wakala alete faili iitwayo Ripoti. Akakuta ripoti kumi na moja, akachukua ya kwanza, akaniarifu kwa heshima zote kwamba kazi imekamilika. Nilicheka peke yangu mpaka chai ikamwagika mezani.

Kazini kuzuri. Wenzangu ni watu wema, tunaelewana sana.

Mpwa wako,
Bi Maswali

---

Nyumbani, 21 Februari

Mpwa wangu Bi Maswali,

Marahaba. Na nyingine hii nakuwekea akiba ya barua ijayo.

Hatujambo. Mkazamjomba wako anakusalimu sana, anasema kiwiko hicho ukitie uzi kabla hakijakuaibisha mbele za watu. Jirani yetu seremala amenunua mashine ya kukatia mbao. Mtaa mzima umemnunia, wanasema inapasua vichwa kwa kelele. Rafiki aliyebaki naye ni mimi. Huja hapa jioni, tunacheza karata, ananisifu kwa uvumilivu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Kumbe umenirithi! Miaka ishirini na tisa niliyokaa masjala ya hospitali hakuna hata mmoja katika ukoo aliyewahi kuniuliza nilikuwa nafanya nini mle ndani. Walidhani napanga karatasi. Leo mpwa wangu anapanga karatasi zisizoshikika, tena mawinguni. Adui yangu mimi alikuwa mchwa. Wewe sijui utapambana na nini huko juu.

Nikupe la kwangu moja, ulitumie ukitaka. Jalada zuri ni lile ambalo karani mgeni, siku yake ya kwanza, tena ana njaa, hawezi kulikosea. Ukiona kosa limefanyika usianze na aliyekosea. Anza na kilichoandikwa.

Lipo jambo moja. Umesema ulicheka peke yako. Wenzako walikuwa wapi?

Mjomba wako

---

Chumbani kwangu, 9 Machi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Mkazamjomba umfikishie salamu na umwambie kiwiko kimeshonwa, uzi si wa rangi moja lakini mkono uko ndani. Seremala naye msalimie, ingawa nadhani anakuibia kwenye karata.

Wenzangu siku ile walikuwa wametoka kidogo.

Lile neno lako kuhusu karani mwenye njaa nimeliandika kwenye karatasi nikalibandika ukutani. Limenisaidia kuona jambo ambalo ningelipita. Katika ile zana kuna mahali pameandikwa "tarehe ya kuundwa". Maelezo yake ni maneno matatu tu: "tarehe faili ilipoundwa". Nani atahoji hapo? Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshayapa alama tano. Halafu nikajiuliza, karani mwenye njaa angeelewaje? Nikajaribu. Nikachukua faili mbili za jina moja, ya kwanza ya miaka tisa iliyopita, ya pili ya mwezi uliopita, nikamwuliza wakala ipi ni ya zamani. Akakosea, na hakusita hata kidogo.

Nikatafuta sababu siku tatu. Kumbe faili ikihamishwa kutoka hifadhi ya zamani kwenda wingu jipya, tarehe yake ya kuundwa inakuwa siku ile ilipohamishwa. Faili elfu kadhaa zote zina tarehe moja, kana kwamba zilizaliwa pacha. Ya miaka tisa inaonekana ina wiki moja. Wakala hadanganyi, maskini, anaamini alichosoma. Na nimeambiwa kwamba wateja wa kwanza wa zana hii ni zahanati kadhaa zinazotaka wakala amkusanyie daktari kumbukumbu za mgonjwa kabla hajamwona.

Nataka kuandika sababu itakayoeleweka na mtu asiye fundi wa kompyuta. Nikakukumbuka wewe. Mlipokuwa mnabadilisha jalada lililochakaa pale masjala, kwenye jalada jipya mliandika tarehe gani? Ile ya zamani, au ya siku mliyobadilisha?

Nijibu upesi, mjomba. Alama zinatakiwa kabla ya mwisho wa mwezi wa nne.

Mpwa wako,
Bi Maswali

---

Nyumbani, 28 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Hatujambo. Mkazamjomba wako anakusalimu.

Mvua zimeanza mapema. Seremala amenitengenezea kiti cha kuegemea, mguu mmoja mfupi, anasema sakafu yangu ndiyo mbovu. Nimefurahi kusikia kiwiko kimeshonwa.

Kuhusu ulichoniuliza, hayo ni mambo ya kale, nimeyasahau. Kila hospitali ilikuwa na utaratibu wake. Muulize mtu wa karibu zaidi.

Ule vizuri. Usikae sana mbele ya hicho kioo.

Mjomba wako

---

Chumbani kwangu, 12 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Nawasalimu wote hapo nyumbani.

Umesahau? Wewe? Wewe ambaye ulikuwa ukikutana na mtu sokoni unamtajia namba ya jalada lake kabla ya kumuuliza hali? Sikukuamini, mjomba, lakini sina haki ya kukulaumu, maana hata mimi sijakuambia kweli.

Wenzangu hawakuwa wametoka. Sina wenzangu. Nafanya kazi humu chumbani, meza inagusa kitanda. Wale ninaowaita wenzangu ni majina tu kwenye kioo, na kiongozi wetu wa timu ni sauti. Sijui ana ndevu au hana. Kuna wiki ambazo mtu pekee anayenisemesha ni mama muuza duka hapo chini, naye husema, "Mkate?" nami nasema, "Mkate." Nilikuongopea kwa sababu ulifurahi sana nilipopata kazi.

Juzi nilimweleza ile sauti habari ya tarehe. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sentensi ni fupi, ni sahihi kisarufi, inaeleweka. Shida iko wapi?"

Nikamwambia, "Inaeleweka, lakini si kweli."

"Wewe unapima lugha," akasema. "Hupimi ukweli. Weka nne, tuendelee."

Ananisubiri mpaka tarehe 30. Peke yangu sina nguvu ya kubishana naye. Ningekuwa na mfano mmoja tu, wa kweli, wa jalada na tarehe, ningesimama. Ndiyo maana narudia: mlikuwa mnaandika tarehe gani?

Mpwa wako

---

Nyumbani, 20 Mei

Mpwa wangu,

Najua tarehe 30 imepita. Nilianza kukujibu mara nyingi. Kalamu niliishika, mkono ndio haukutaka.

Barua hii haina salamu za mkazamjomba. Hata zile za nyuma hazikuwa zake, nilizitunga mimi. Alihama hapa mwezi wa nane mwaka jana, yuko kwa binamu yako, naye nilimwomba binamu yako asikuambie. Sababu utaiona, maana sababu ni hii hii moja.

Tuliandika tarehe ya siku ile.

Mwaka ule mvua zilipitiliza. Paa la masjala likavuja kwenye kona ya mashariki, majalada yakaota ukungu, mengine ukiyashika yanabaki mkononi kama ugali mbichi. Wakaguzi walikuwa waje baada ya mwezi mmoja. Mkuu wa masjala akaleta majalada mapya mia sita, yananuka gundi, akasema yote yaliyoharibika yabadilishwe. Karatasi za ndani zinazosomeka zihamishwe. Juu tuandike jina, namba, umri na tarehe ya kufunguliwa. Nikamuuliza, "Tarehe ipi, mkuu? Ile ya kwanza au ya leo?" Akanijibu bila kunitazama, "Jalada jipya, tarehe mpya. Usinitie kiwewe."

Jalada la mama yako lilikuwa kwenye kona hiyo. Karatasi za ndani zilikuwa zimegandana, hazifunguki. Lakini nyuma ya jalada, kwa wino mwekundu, palikuwa pameandikwa dawa ambayo asichomwe kamwe, kwa kuwa ilimziba pumzi alipokuwa msichana, nusura afe. Niliyasoma maneno hayo, mpwa wangu. Wengine wote wakisema niliyapita bila kuyaona, wewe ujue niliyasoma. Jalada jipya halikuwa na nafasi ya jambo kama hilo, na wino mwekundu ulikuwa umekwisha. Nikasema nitayanakili kesho, wino ukija. Nikalifunga jalada la zamani pamoja na mengine, fungu likapelekwa stoo. Kesho yake nilikuwa na majalada mengine arobaini.

Siku ya kumi na tisa baada ya hapo, saa nne asubuhi, majirani walimleta mama yako ana homa kali, hasemi. Mimi nilikuwa jengo la utawala napanga viti vya wakaguzi. Aliyetoa jalada ni karani mwenzangu, na alilipata upesi kuliko siku zote, kwa sababu tulikuwa tumepanga vizuri. Daktari wa zamu alikuwa msichana, hajamaliza hata mwezi pale. Akaona jalada jipya, limefunguliwa mwezi ule ule, ndani tupu. Mgonjwa mgeni asiye na historia. Akaandika sindano ambayo daktari yeyote angeiandika, tena akaichoma mwenyewe kwa kuwa wauguzi walikuwa wachache. Nilipokuja kuitwa haikuwa bado saa sita.

Siku ya tatu baada ya mazishi nilikwenda stoo, nikalichomoa jalada la zamani kwenye fungu, nikalificha ndani ya shati. Uchunguzi ulipofanyika niliulizwa kama mgonjwa alikuwa na kumbukumbu za nyuma. Nikasema ziliharibiwa na mvua. Daktari akahamishwa. Wewe ulikuwa na miaka kumi, baba yako alikwishaondoka siku nyingi, tukakuchukua. Ulipouliza mama amekufa kwa nini nilikuambia homa.

Mwaka jana mkazamjomba alikuwa anatafuta shuka akalikuta jalada chini kabisa ya sanduku. Akaniandikia kwenye karatasi, kwa herufi kubwa ili nisije nikasingizia macho: "HILI NI NINI?" Nikamwambia, mambo ya kazi. Akasubiri siku tatu nimwambie kweli. Siku ya nne akafunga mizigo. Aliniandikia kwamba hawezi kula meza moja na mtu anayemficha marehemu.

Nimelitia humu ndani ya bahasha. Ni lako. Mfano wako ndio huo, ingawa umechelewa. Sikuombi kitu.

Mjomba wako

---

Nyumbani, 30 Juni

Mpwa wangu,

Posta wamenihakikishia kwamba bahasha ilifika na uliitia sahihi tarehe 4. Basi unayo.

Seremala ameuliza habari zako. Nimemwambia una kazi nyingi.

Mjomba wako

---

Chumbani kwangu, 3 Septemba

Mjomba,

Leo sina shikamoo. Nimeitafuta, sikuiona.

Niliisoma barua yako nimesimama, na viatu vya kutokea miguuni. Nilipomaliza nilishuka dukani. Yule mama akasema, "Mkate?" nami nikaegemea mlango. Akatoka nyuma ya meza yake, akanikalisha juu ya kreti la soda, akawafukuza wateja wawili. Akanishika bega. Ni mara ya kwanza mwaka huu mtu kunishika bega.

Nikuambie kwanza habari za kazi, maana hizo ni rahisi. Tarehe 30 Aprili barua yako haikuwa imefika, na sikuweka nne. Niliweka moja. Nikaandika kwamba maelezo haya yatamfanya mtu makini akosee kwa kujiamini, na kwamba kwenye zahanati kosa hilo si la lugha. Ile sauti ikanipigia. "Umetuchelewesha," ikasema. Nikasema, "Ndiyo." Akampa kazi hiyo mpimaji mwingine, naye akaweka nne, zana ikapita. Mkataba wangu uliisha mwezi wa saba na hawakuuongeza.

Lakini barua yako ilipokuja nilifanya jambo moja zaidi. Chini ya yale maelezo kulikuwa na jina la mhandisi aliyeyaandika. Nikamwandikia moja kwa moja, nje ya utaratibu. Nikamweleza habari za jalada lililobadilishwa, bila jina la mtu. Alinijibu siku iyo hiyo. Alisema yeye mwenyewe hakujua kwamba tarehe hubadilika faili ikihamishwa, na hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. Sasa maelezo yanasomeka hivi, nimeyanakili yalivyo: "Tarehe hii ni ya siku faili ilipowekwa hapa. Faili iliyohamishwa inaweza kuwa ya zamani zaidi. Usiitegemee tarehe hii peke yake kuamua umri wa faili, na usichukulie kwamba faili mpya haina historia." Sentensi tatu. Sijawahi kufanya kazi bora kuliko hiyo, na niliifanya bure, baada ya kukataliwa.

Sasa habari zetu.

Nimelitazama jalada. Yule muuguzi aliyeandika nyuma alikuwa mtu makini, amepiga mstari mara mbili. Juu pameandikwa umri, na kando yake tarehe ya kufunguliwa. Niliufuatisha kwa kidole na kufanya hesabu, nikaona kwamba mama alipokufa alikuwa na miaka ishirini na tisa. Mimi nina thelathini na nne. Nimempita mama yangu, mjomba, na sikujua nimempita lini.

Ile kesho yako ya kusubiri wino, nimeijaribu moyoni na ninaweza kuielewa. Nami nimewahi kusema kesho. Ninachoshindwa ni miaka ishirini na minne. Uliniita Bi Maswali, watu wakacheka, nami nikalipenda jina. Lakini kila nilipofungua mdomo kuuliza habari za mama, mtu alisema, "Haya, Bi Maswali kaanza," nami nikaufunga. Sijui kama ulikusudia. Naomba usiniite hivyo tena.

Na kuna jambo nimeliona kwa sababu kazi yangu ni kuona kilichoachwa. Umeniandikia kurasa sita. Mkuu wa masjala ana maneno yake humo, karani mwenzio yumo, hata viti vya wakaguzi vimo. Yule daktari, baada ya sindano ile, umempa maneno mawili: "Daktari akahamishwa." Alihamishwa wapi? Yu hai? Amejua?

Mpwa wako

---

Nyumbani, 26 Septemba

Mpwa wangu,

Daktari yu hai. Nilikuwa najua siku zote aliko, ni mwendo wa saa mbili kwa basi. Ana zahanati ndogo, vyumba vitatu, ukuta umepakwa rangi ya maziwa nusu juu na kijani nusu chini. Jumanne iliyopita nilivaa shati safi nikaenda.

Nilikaa kwenye benchi kama mgonjwa, kwa kuwa sikujua namna nyingine ya kumfikia. Sikusikia nilipoitwa, mama mmoja mjamzito alinisukuma kwa kiwiko. Nilimkuta ana mvi na miwani. Akasema kitu, nikamwonyesha masikio. Akavuta karatasi akaandika, "Unaumwa wapi?"

Nilikuwa nimeandika yote nyumbani, kama nilivyokuandikia wewe, kwa kuogopa sauti yangu. Nikampa. Alisoma ukurasa wa kwanza kama daktari anavyosoma, haraka haraka. Wa pili akapunguza mwendo. Kisha akainuka, nikadhani ananifukuza, kumbe alikwenda kufunga mlango. Akarudi akakaa, akasoma tena kuanzia mwanzo. Sikuwa na pa kutazama. Nikatazama mikono yake.

Alipomaliza alichukua ile karatasi ya kwanza, chini ya "Unaumwa wapi?" akaandika, "Nilidhani ni mimi."

Nikasema, "Si wewe, daktari. Hata siku moja hukuwa wewe." Sijui nilisema kwa sauti ya namna gani, maana yule mama mjamzito alifungua mlango akachungulia, daktari akampungia mkono aondoke.

Akaandika tena: "Tangu siku ile sijamchoma mtu sindano kwa mkono wangu. Wanachoma wauguzi. Hapa wanadhani ni maringo."

Nikamuuliza nifanye nini. Akafikiri, akaandika kwamba haya niliyomletea niyaandike upya kwa hospitali, niyatie sahihi, atayapeleka mwenyewe. Akanipa kalamu. Niliyaandika pale pale mezani kwake, ilichukua muda, wagonjwa wakawa wananung'unika nje, hilo niliambiwa. Nilipompa aliyakunja akayatia mfukoni mwa koti. Nikamwomba radhi. Akaandika, nami ile karatasi aliniruhusu niichukue, ninayo: "Leo siwezi. Sasa nenda, nina watu wanasubiri."

Nikaondoka. Mkazamjomba wako nilimwandikia usiku ule wa Jumanne habari yote. Hajajibu. Sitakutungia salamu zake tena.

Nyumba ni kubwa kwa mtu mmoja. Sikuambii ili unihurumie. Uliniambia ukweli wa chumba chako, nami nakuambia wa huku.

Jina lile sitalitaja. Umeomba liachwe, limeachwa.

Mjomba wako

---

Chumbani kwangu, 11 Oktoba

Mjomba,

Shikamoo.

Ninakuja Jumamosi ya tarehe 1 Novemba. Chumba hiki nakirudisha kwa mwenyewe, mizigo yangu ni masanduku mawili. Mama muuza duka ameahidi kunifungia mkate wa safarini, na hataki nilipe. Sijui nitakaa kwako siku ngapi, na sijui kama nitakuwa na la kusema. Inawezekana nikakaa wiki nzima bila kukusemesha. Usiogope, uniache tu. Nataka siku moja tukae, unieleze mama alikuwa mtu wa namna gani, mambo madogo madogo, hata ya kipuuzi, maana homa nimeshaisikia ya kutosha.

Usije kunipokea stendi, hutasikia basi likiitwa. Ngoja nyumbani. Nitaingia bila kugonga. Na ukiniona, nakusihi mjomba, usianze kuniomba radhi nikiwa bado nimesimama mlangoni. Ngoja niingie, niweke mizigo chini, nikae.

Mpwa wako